Mwanamke wa Picha Namba Arobaini na Moja

Benchi liko mbele ya duka la mafuta la Harlan, kwenye barabara ya kwenda Lawton, na ni benchi la kanisa. Kanisa liliponunua viti vya sponji, Harlan aliliomba la zamani, na tangu hapo limesikia uongo mwingi kuliko lilivyowahi kusikia maombi. Wenyewe ni watatu, wote wenyeji wa asili wa Marekani. Kuna Meja, aliyerudi vitani akiwa koplo, akapandishwa cheo na wenzake hapo hapo kijiweni. Kuna Sukari, aliyekatazwa sukari na daktari, na hutia vijiko vinne mke wake akiwa mbali. Na kuna Jirani, Mkiowa peke yake kwenye benchi la Wakomanche, aliyeoa mji huu miaka thelathini iliyopita na hajasamehewa mpaka leo. Jumatano hiyo, saa nne ya asubuhi, upepo ukivuma ule wa kung'oa kofia, Leta alishuka garini na bahasha kaikumbatia kifuani. Leta aliendesha basi la shule miaka ishirini na sita, na watu wazima na ndevu zao bado hunyamaza akikohoa. Leo hakukohoa. Alikuwa amebakiwa na saa mbili tu, na alihitaji msaada wa watu hawa, jambo ambalo lilimuuma.

— Sogeeni huko, alisema. Leo sitaki mzaha.

— Basi umekosea benchi, dada, alijibu Sukari akisogea.

Aliitoa picha. Msichana amesimama wima, mtoto mchanga amefungiwa kwenye ubao wa kubebea watoto, wenye shanga, na nyuma yao pazia la mpiga picha limechorwa maporomoko ya maji na kasri. Chini pameandikwa: *Na. 41. Mwanamke wa Kiowa na mtoto. Jina halijulikani.*

— Huyu ni mama yake Kaku wangu, bibi yangu mzaa mama, alisema Leta. Jumamosi watu wa makumbusho wanamtundika kwenye maonyesho, ukumbini kwetu wenyewe, akiwa Mkiowa! Saa sita juu ya alama maelezo yanakwenda kuchapwa. Nimepewa fomu. Nikionyesha kwamba ni wetu, watabadilisha. Nikishindwa, ndo atabaki hivyo.

— Wapo watu wana bahati zao, alisema Jirani, akapuliza kahawa yake.

— Usinianze, Jirani.

— Mimi nasoma tu kilichoandikwa. Na tazama viatu. Buti refu namna ile, limepakwa rangi mpaka gotini? Hiyo kazi ya mama zetu kabisa. Na huo ubao wa mtoto, hizo shanga! Kaeni miaka mia, hamwezi kushona hivyo.

— Kweli hatuwezi, alisema Meja. Ubao tuliwaibia.

— Haa! Mmesikia? Amekiri!

— Nimekiri wizi, sijakiri Ukiowa. Mtu akiiba lori la mikate anakuwa mwokaji?

Leta alifumba macho. Alikuwa ameiona picha hiyo kila siku ya utoto wake, kwenye ukuta wa jiko la bibi yake, mpaka mwaka nyumba ilipoungua. Mwezi uliopita aliikuta tena, nakala nyingine, kwenye droo ya makumbusho yao ya mbali, na kabila si lake. Alilia ndani ya gari kwenye maegesho, mikono miwili usukanini, mpaka mlinzi akaja kumgongea kioo.

— Mie nina swali, alisema Meja, akaishika picha kwa ncha za vidole. Hilo shali begani si nimeliona? Lile lenye nyota? Liko kwenye picha ya shangazi yake babu yangu. Liko kwenye picha ya mama mmoja wa Kiapache kule posta. Na yule bibi wa Kiwichita kwenye kalenda ya benki, si analo hilo hilo?

— Analo, alisema Sukari. Na doa lile lile la mchuzi.

— Basi ni la mpiga picha! Alikuwa na sanduku lake. Ukiingia anakuvisha, ukitoka unavua. Hilo shali limepigwa picha kuliko machifu wote wa nyanda hizi.

— Lipewe kabila lake, alisema Jirani.

— Na viatu navyo ni vya sandukuni! Leta alidakia, moyo ukamwinuka kidogo.

— Na ubao, alisema Meja.

— Ngoja, Sukari aliinua kijiko. Na kama mtoto naye ni wa sandukuni?

Wote walimgeukia.

— Fikirini! Mpiga picha ana mtoto wake mtulivu, halii, hatikisiki. Anamkodisha. Kila mama anayeingia anapewa huyo huyo. Ndiyo maana watoto wote wa picha za zamani wanafanana.

— Sukari, umekunywa vijiko vingapi? aliuliza Meja.

— Viwili.

— Vya kupakulia mchuzi?

— Halafu tazameni hayo maji nyuma, Sukari aliendelea, haambiliki. Kaunti hii nzima ina maporomoko wapi? Na kasri? Huyu mama alisafiri. Ulaya! Alikwenda na wale wa maonyesho ya farasi, akala na malkia, akarudi na mtoto wa mwana mfalme. Dada, pengine wewe una haki ya kiti cha enzi.

— Ni pazia, we mzee! Leta alipaza sauti, na kwa mazoea ya basi wote watatu wakaketi vizuri. Pazia limechorwa! Nimebakiwa na saa moja na dakika kumi, nanyi mnanipeleka kwa malkia!

Meja aliishusha sauti.

— Kaku wako hakukuambia jina la mama yake?

— Nilimuuliza mara moja, nikiwa na miaka tisa. Alinitazama, akachukua kopo la mahindi, akaenda kulisha kuku. Hakurudi ndani mpaka jioni.

Wazee wa zamani hawakutamka jina la aliyekufa. Kumtaja ni kumsumbua huko anakokwenda, na ni kumchoma anayemlilia. Hata Jirani alitikisa kichwa kukubali, maana kwao walifanya vilevile. Ndivyo jina lilivyohifadhiwa kwa heshima zote mpaka hakubaki hata mtu mmoja wa kulijua.

Wakati huo lori la mikate lilikuwa limeegeshwa, na dereva wake, mama mmoja mgeni kutoka upande wa Texas, alikuwa akipita na kreti yake. Akasimama nyuma ya benchi.

— Habari zenu wazee. Picha nzuri. Na mtoto ni nani?

Walitazamana. Saa nzima walikuwa wamemvua yule mama viatu, shali na ubao, wakampandisha meli, na hakuna aliyekuwa amemtazama mtoto usoni.

— Maana sikio lake hilo! alisema yule mama. Limekunjika juu kama pembe ya ukurasa. Haya, mkate haujipeleki.

Akaingia dukani.

Leta aliisogeza picha mpaka ikakaribia kugusa pua. Sikio la kushoto, juu, ngozi imejikunja kwa ndani. Akaweka bahasha chini, akafanya jambo ambalo kijiwe hakijawahi kuliona: alizishika nywele zake za upande wa kushoto, zile anazozishusha makusudi tangu darasa la kwanza, akazirudisha nyuma.

— Mungu wangu, alisema Sukari.

— Mama yangu alikuwa nalo, alisema Leta. Kaku alikuwa nalo. Binti yangu analo, nilimzuia kunyoa nywele kwa ajili ya sikio hilo. Nimelionea aibu miaka sitini!

— Shali lilikuwa la sandukuni, alisema Meja polepole. Sikio watu hawaazimani.

— Huyo ni Kaku, Leta alisema, na sasa machozi yalimtoka bila kuyaficha. Huyo mchanga ndiye Kaku wangu. Na aliyemshika ni mama yake.

Aliichukua fomu, akaiweka juu ya paja. Penye kabila akaandika *Mkomanche*, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Penye jina walikuwa wamekwisha kuchapa *halijulikani*. Akakata mstari juu yake, akafikiri, kisha akaandika pembeni: *Lilijulikana. Hatulitaji.*

— Hapo umeandika, alisema Meja.

Leta akageuza fomu upande wa pili, na uso ukamshuka.

— Wanataka shahidi. Mkazi wa hapa aliyeijua familia, asiye ndugu wa damu.

— Nipe, alisema Meja.

— Wewe mama yako na mama yangu ni binamu.

— Mimi je? alisema Sukari.

— Wewe ni ndugu yangu kwa pande mbili, na moja tunaificha.

Polepole, bila kupangana, waligeuka wote watatu kumtazama Jirani. Jirani aliangalia barabara. Akaangalia mawingu. Akanywa kahawa ambayo kikombe chake kilikwisha kuwa kitupu.

— Hamwezi kunifanyia hivi, alisema.

— Ulimjua Kaku, alisema Leta. Alikutengenezea chakula siku ya harusi yako. Uliliona sikio lake.

— Nililiona.

— Basi?

Jirani aliomba kalamu. Aliandika taratibu, ulimi nje, akatia sahihi, na baada ya jina lake akaongeza kwa herufi kubwa kabila lake, ili lisije likapotea huko kwenye droo za watu. Meja akamshika mkono kabla hajairudisha.

— Soma kwa sauti.

Jirani alikohoa.

— "Mimi, Mkiowa, nathibitisha kwamba mwanamke huyu ni Mkomanche."

Miaka thelathini walikuwa wakimtania mtu huyu, na hakuna aliyetarajia kusikia maneno hayo maishani mwake.

— Upepo huu, alisema Meja. Sikusikia vizuri. Soma tena.

Leta alikuwa amekwisha kusimama, ufunguo wa gari mkononi, saa sita ikimkimbiza. Lakini alingoja. Jirani alimtazama yule msichana wa kwenye picha, akavua kofia yake, akasoma tena, na safari hii alisoma kwa nguvu.