Cornelius na Vipimo Vilivyomchelewesha

Ndugu waombolezaji mliopanda kutoka kule bondeni Kaoze, na ninyi majirani wa hapa Malangali, familia imenituma mimi Lazaro, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha ya kaka yetu, na shemeji Jovina kanionya nisipambe chochote.

Cornelius alizaliwa Kaoze tarehe 14 Machi 1968, akasoma shule ya msingi hukohuko, sekondari hapa Sumbawanga, na mwaka 1994 akahitimu shahada ya kemia Dar es Salaam. Tarehe 7 Septemba 1996 alifunga ndoa na Jovina, wakajaliwa mtoto mmoja, Victoria, mwaka 1998.

Mwaka 2001 alikwenda Ujerumani kusomea shahada ya uzamivu, kwa miaka minne, ndivyo alivyoaga. Kazi yake ilikuwa kupima molekuli zenye klorini, zikiwamo za ile dawa ambayo baba yetu alinyunyizia mahindi ghalani, ajue kila moja inavuta elektroni kwa nguvu kiasi gani, maana nguvu hiyo husaidia kujua kama dawa itavunjika upesi au itakaa udongoni miaka na miaka. Mwaka wa nne, vipimo vimeshachapishwa na Jovina ameshapaka nyumba chokaa, kaka aligundua kwamba sampuli mojawapo aliipasha moto kupita kiasi ili iwe mvuke, ikavunjika ndani ya chombo, na alichopima kilikuwa vipande vyake tu. Hakuna mwingine aliyejua, angeweza kunyamaza akapanda ndege. Alipiga simu, akasema, "Mama Victoria, nimewapa watu namba ya uongo, siwezi kuja nayo nyumbani." Jovina alimjibu abaki airekebishe, akakata simu, akalia, haki ya Mungu alilia.

Kurekebisha kukazaa kazi nyingine, nayo ikazaa nyingine, likizo zikawa za wiki mbili mbili, hata Victoria akaolewa. Alirudi moja kwa moja Februari 2023, figo zimeshachoka, na tarehe 9 Mei 2024 alitutoka, Jovina akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala matanga, na wenzake wa maabara, waliotuma rambirambi wakisema namba zake wanazitumia hadi leo. Shemeji naye anawashukuru, ila ameomba niseme wazi kwamba yeye alimtaka mume, na kwamba hata hizi siku za kumuuguza zilikuwa chache, angeongezewa angezipokea.

Kaka, lala kwa amani.