Shangazi wa Seli za Mafuta na Theluthi Yake

Miaka thelathini na moja ya Shangazi katika maabara yetu inafika mwisho Ijumaa tarehe 30 mwezi huu, saa tisa alasiri, atakapovua koti jeupe. Wasifu huu nimepewa mimi kwa sababu ghorofa hii hakuna anayeandika kunishinda, ingawa wenzangu wana vyeti ukuta mzima na mimi nina kimoja, tena cha nusu.

Shangazi alianza kwa kuosha chupa, cheo ninachokishika sasa kwa ustadi mkubwa. Baadaye akakabidhiwa seli za mafuta. Msidhani mafuta ni ghala la unene tu. Seli zake hutengeneza homoni, na mojawapo husaidia mwili kutumia sukari. Shangazi huziita “wanene wangu”, na zina madeko kweli: ukizibadilishia maji kwa pupa zinabanduka, zinaelea, kazi ya mwezi imekwisha. Mimi nilibandua sahani nzima siku ya kwanza. Akaniambia namimina kama naosha gari.

Miaka mitatu hii amekuwa akiwapa wanene protini iliyonatana na sukari, kama ile inayozidi kwenye damu ya mwenye kisukari. Unachanganya protini na sukari, unaiacha kwenye kabati la joto wiki saba, inatoka ya kahawia kama chai. Chai yake mwenyewe ni vijiko vinne. Ukimuuliza, anasema naye yumo kwenye utafiti.

Mwaka huu majibu yakaja matamu: homoni ilishuka kwa nusu. Daktari, mkuu wetu, akaanza kuandaa hotuba ya mkutano. Shangazi akagoma. Protini ya kulinganishia, isiyo na sukari, ilitoka kwenye friji siku ileile, haikukaa kwenye joto hata saa moja. Tungejuaje kama mharibifu ni sukari au ni joto? Kurudia kungekula wiki nane, naye alibakiwa na tisa. Na majibu yakifutika, angeondoka na miaka mitatu ya bure. Daktari akanuna, siku mbili anatoa salamu kwa nyusi.

Zikawekwa chupa mbili, rafu moja, joto moja, moja ina sukari na nyingine haina. Jumatatu iliyopita tulisoma majibu. Wanene waliopewa protini isiyo na sukari walipunguza homoni kidogo. Kumbe joto nalo lilikuwa na mkono wake. Wa sukari wakashuka chini ya hao kwa theluthi.

Daktari akafuta nusu, akaandika theluthi, akaweka jina la Shangazi kando ya lake. Kisha akamwomba radhi mbele yetu sote, kwa mdomo.

Shangazi, asante kwa kutufundisha kumimina polepole. Kapumzike, ulale mpaka jua likuchoke. Nusu ingetupa makofi mengi zaidi, lakini theluthi hii ni ya kweli, na ni yako.