Chupa Iliyoandikwa "Usinywe"

Kwenye basi la asubuhi, mwalimu wa chekechea alijifanya anasinzia ili asipitwe na neno. Mbele yake, bibi mmoja fundi cherehani, anayelea mjukuu nyumbani, alikuwa akimsimulia jirani yake wa kiti, muuguzi, ujanja wake: galoni zima la kitakasa mikono amelimimina kwenye chupa za juisi.

"Za juisi?" muuguzi akaruka. "Mama, ile ni spiriti! Mtoto akigida mafunda mawili tu, mbio hospitali."

"Tulia mwanangu. Nimeandika USINYWE, kwa wino mwekundu."

"Mjukuu ana umri gani?"

"Miaka miwili na nusu."

"Na anasoma?"

Mwalimu, ambaye darasa lake la watoto wa miaka mitano bado linapigana na herufi "a", aliuma midomo asicheke.

"Hasomi, lakini ana akili!" bibi akajitetea. "Akiiona tu chupa ya juisi, anajua ni ya..."

Akachomoa simu, akapiga nyumbani. "Wewe, upo? Toa zile chupa mezani sasa hivi! Panga zote juu ya rafu ya jiko!"

"Jikoni tena?" muuguzi akapiga ukelele. "Ile inashika moto!"

Basi likasimama. Bibi akashuka mbio, simu sikioni, na kituo hata hakikuwa chake.