Kata ya Beki wa Kulia

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, na ukikaa hapo uwanja wa watoto wote uko machoni pako. Kahawa ni yangu, birika ni langu, na sheria ni yangu: mtu akisema upuuzi ukapita kimo, kikombe chake nakifunika kifudifudi, na aliyefunikiwa hasemi tena mpaka birika lijae upya. Ndiyo maana wananiita Bibi Kadi. Shule niliiona kutoka mlangoni, na mpira hata huo mlango sikuufikia, lakini maneno ya watu nimeyasikiliza miaka mingi, najua yapi yana uzito na yapi yamejaa upepo. Mchana ule walikuwapo watatu wa kudumu. Kinyozi, ambaye mwanawe ni kipa. Dobi, anayefua jezi za watoto. Na Marudio, aliyepewa jina hilo kwa sababu bao alilofunga ujanani analirudia kila siku, na kila siku linapigwa kutoka mbali zaidi. Walikuwa wanangoja mfuko wa chokaa.

Chokaa yenyewe ina habari yake. Mistari ya uwanja ule tangu zamani huchorwa na kijiwe. Ndiyo heshima pekee tuliyo nayo mtaani. Sasa binti wa fundi cherehani kaenda kusomea ukocha, karudi, na bila kumuuliza mtu kaukata uwanja vipande vinne kwa majivu. Kila kipande watoto wanne kwa wanne, magoli ni tofali mbili huku na mbili kule, kipa hakuna. Anasema uwanja mkubwa ni wa wakubwa, watoto wataukuta. Kijiwe kikakaa, kikakata shauri: chokaa ikifika, majivu yanafutwa, uwanja mkubwa unarudi kabla watoto hawajatoka shule.

Asubuhi mjukuu wangu alinishika kanga. "Bibi, waambie wasifute." Nikamwambia mimi nauza kahawa, siuzi viwanja. Na kusema kweli, mimi nami nilikuwa na langu. Nitalifikia.

— Nyumba bila mlango! Kinyozi alianza, kitana bado kimechomekwa nyweleni. Mtu na akili zake anaweka goli, halafu haweki kipa. Sasa mwanangu ni nani?

— Ni mchezaji, nikamwambia.

— Bibi, kipa si mchezaji. Kipa ni kipa. Wahenga walisema mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

— Kwani mpira unachinjwa?

— Maana yake kipa ana mikono miwili! Mtoto wa mikono miwili, anaambiwa akimbie na miguu kama wenzake. Juzi kaja nyumbani anasema, baba nimefunga bao. Bao! Kipa wangu! Nilikosa la kumwambia, nikamnyoa.

— Bora wewe una mtoto mmoja, akasema Dobi. Mimi nina jezi zote. Zamani furushi likija, chafu ni zile zile: kumi, tisa, saba. Hizo unaloweka, unasugua, unamwomba Mungu. Zilizobaki unakung'uta vumbi, unapiga pasi, unarudisha. Ile namba mbili ilikuwa inarudi kwangu na harufu ya sabuni yangu mwenyewe.

— Wewe! Ulikuwa unarudisha jezi bila kufua?

— Ningefua nini, Bibi? Kizuri chajiuza, kibaya ndicho kinachofuliwa. Sasa hivi zote tope. Mbele tope, nyuma tope, kwapani tope. Nakuuliza wewe mtu mzima, tope linafikaje kwapani?

Nilitafakari. Kwa kweli linafikaje?

— Linafika kwa kubanana, akasema Marudio. Kubanana, nasema. Watoto wanane ndani ya kitalu cha mchicha. Wengi wape, usipowapa watachukua kwa mikono yao.

— Wakichukua kwa mikono si faulo? akauliza Dobi.

— Si ndiyo hapo! Faulo tupu! Ndiyo maana nasema.

Mimi nikikosa kujua jambo sioni haya kuuliza. Haya ni ya waliosoma. Nikamgeukia.

— Hebu nieleze miye nisiyejua. Huko kwenye mkubwa mtoto anapata nini ambacho huku kwenye kidogo hakipati?

— Upeo, Bibi. Upeo. Unadhani mimi bao langu ningelipigaje kama ningelelewa kwenye kijiuwanja? Nilikuwa katikati ya uwanja...

— Wiki iliyopita ulikuwa mbele ya katikati, akasema Kinyozi.

— Nilikuwa nyuma ya katikati. Nyuma kidogo.

— Endelea kurudi, ndugu yangu, akasema Dobi. Karibu utalipigia jikoni kwenu, mama yako akupishe.

Marudio hakujali. Mtu aliyefunga bao moja maishani ana ngozi ngumu.

— Hoja yangu ni hii. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ukimzoesha karibu karibu, jicho linakaa karibu karibu. Atakua haoni mbali. Hataweza kuvuka barabara. Atangoja mpaka gari liwe miguuni ndipo alione. Akitaka kuoa, ataoa nyumba ya pili.

— Mimi nimeoa nyumba ya pili, akasema Kinyozi.

— Na uwanja mkubwa ulikuwepo! Sasa fikiria usingekuwepo.

— Mambo ya macho siyajui, Dobi akaingia, ila miguu nina ushahidi nayo. Nguo nzito ukiianika inaning'inia, inajivuta, inarefuka. Na mguu ni hivyo hivyo, unarefuka kwa kuvutwa. Kukimbia mbali ndiko kunakouvuta. Hawa wanakimbia hatua tatu wanageuka, hatua tatu wanageuka. Kaptula zao tangu kocha aje hazijapungua urefu hata chembe. Maana yake miguu imesimama.

— Au kaptula ni pana, nikasema.

— Bibi, mjukuu wako atabaki na kimo hicho hicho. Mimi nakwambia kwa mapenzi.

— Ukoo wetu wote ni wafupi, na hakuna aliyewahi kucheza mpira. Kunywa kahawa yako.

Hapo Kinyozi akasogea, akashusha sauti kama anayenong'ona sikioni mwa mteja kuhusu mteja mwingine.

— Ninyi mnaongea miguu. Mimi naangalia ardhi. Kiwanja kimoja kukatwa vinne, mistari imenyooka, pembe zimekaa sawa, mmeiona wapi? Kwa wapima ardhi! Leo majivu, kesho mawe ya mpaka, keshokutwa msingi. Tutaamka mahali pa kona pana choo cha mtu. Na mama yake kocha ni nani? Fundi cherehani. Kukata kuko kwenye damu! Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Ile miti ya magoli makubwa imesimama pale. Wajenzi wako njiani!

Nikanyoosha mkono, nikachukua kikombe chake, nikakifunika juu ya ubao.

— Bibi, sijamaliza!

— Umemaliza. Nyekundu.

Akakunja mikono. Nikainua birika nimmiminie Marudio, na kata iliyokuwa chini yake ikaachia majani mengine mawili, meusi kwa moto. Basi hapo ndipo penye langu.

Kata ile, mviringo wa majani wa kukalishia birika lisiunguze ubao, alinisukia mjukuu wangu. Zamani kila akienda kwenye mechi alirudi na moja mkononi, imebanwa vizuri, mduara kama wa kupimwa. Nilikuwa sijui kununua kata. Tangu uwanja ukatwe vipande, hajaleta hata moja. Nikamuuliza, kata yangu iko wapi? Akasema, "Sipati wakati, Bibi." Magoti yamechubuka, sauti imekauka, anakula amesimama. Nikaona, alaa, uwanja mkubwa ndio wenye faida. Kwa hiyo hata mimi nilitaka chokaa ije, kama wao. Tofauti ni kwamba wao walihitaji maneno mengi kulisema hilo.

Na chokaa ikaja. Aliileta mwanamke kijana kwa baiskeli, mfuko umefungwa nyuma kwa kamba ya mpira, naye mweupe tangu nyusi hadi vidole vya miguu. Hatukuwahi kumwona.

— Shikamoo, Bibi. Hodi, jamani. Hapa ndipo kwa wachora uwanja?

— Marahaba, mwanangu. Ndipo. Teremsha mzigo, unywe kitu.

Akaegesha baiskeli, akakaa pale nchani mwa ubao, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Kabla hajaonja, macho yake yakatua kwenye birika, kisha chini ya birika.

— Kata nzuri, jamani. Mimi mifuko nikifika penye ngazi nabeba kichwani, na tambara linateleza. Nani amesuka?

— Mjukuu wangu.

— Anauza?

— Hasuki tena. Anacheza mpira.

— Oho. Kwa hiyo hii ni ya kabla hajaanza mpira.

— Hapana, ni ya huko huko kwenye mpira. Kila mechi alikuwa ananiletea moja.

— Anasuka wakiisha kucheza.

— Wakati wanacheza. Mechi inaanza na yeye anaanza, filimbi ya mwisho ikilia anafunga fundo.

— Basi alikuwa wa akiba, anangoja kuitwa.

— Akiba ya nini! Dobi akadakia, kama ametukanwa yeye. Namba mbili yule. Beki wa kulia. Hajawahi kutolewa hata siku moja. Jezi yake mimi...



Yule dada hakuwa na nia ya kumchokoza mtu. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia.

— Samahani, mimi mpira siufahamu vizuri. Kama alikuwa uwanjani mechi nzima, na kata amesuka mechi nzima, sasa mpira wenyewe alikuwa anacheza saa ngapi?

Nikamtazama Kinyozi. Kinyozi akatazama kikombe chake kilichofunikwa, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu anashukuru kwa kufunikiwa. Dobi alikuwa anasugua gauni lisilokuwepo.

Nikainua birika, nikachomoa kata, nikaigeuza mkononi. Siku zote niliitazama kwa jicho la mtu mwenye birika. Sasa nikaifuata kwa kidole, kama mtu anayefuata mstari wa kitabu asichokijua. Jani juu ya jani, sawasawa, imebana sawasawa, kuanzia ilipoanzia mpaka kwenye fundo. Hakuna mahali mkono umekatizwa. Hakuna mahali palipolegea, wala jani lililorukwa, kama ambavyo ingekuwa kwa mtu aliyeshtuka akaitupa akakimbia, kisha akarudi kuitafuta. Tangu filimbi hadi filimbi, hakuna aliyempigia mpira.

— Nilikuwa nikimwona, Marudio akasema polepole. Pale pembeni. Ameinama. Nilidhani anafunga kamba za viatu.

— Mechi nzima? akauliza Dobi.

— Mimi nilikuwa natazama mpira.

Watoto walianza kusikika kwenye njia ya shule, kwanza wale wenye sauti kubwa. Mfuko wa chokaa ulikuwa umesimama katikati yetu kama mgeni ambaye hajaonyeshwa pa kulala.

— Sasa hii chokaa? akauliza Marudio. Tunachora wapi?

Wote wakanigeukia mimi, mwenye kadi. Kahawa yangu ilikuwa haijafika nusu. Nikaimwaga chini, nikakifunika kikombe changu mwenyewe, kando ya kile cha Kinyozi.

Aliyefunikiwa hasemi, sheria ni yangu, sikuivunja. Nikanyoosha kidevu tu, kuelekea kule ambako majivu ya vile viwanja vidogo yalikuwa yameanza kupeperuka.

Kinyozi ndiye aliyeubeba mfuko. Dobi alimfuata akinung'unika juu ya tope la kwapani, na Marudio akatangulia mbele, ameinama, anatafuta mistari isije ikapotea kabla hawajaifikia. Nikampa yule dada ile kata. Imeungua upande mmoja, lakini kichwani haitaonekana.

Birika nimelikalisha juu ya tofali. Ubao utaungua kidogo. Kata nitanunua sokoni, kama watu wengine.