Neno Ambalo Dereva Hakulisema Mahakamani

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu wa jumuiya. Mnanijua kwa udadisi. Hata padri akiniona nakuja na maswali hutafuta pa kupitia. Leo nashuhudia jinsi Mungu alivyoutumia udadisi huo huo kunitoa kwenye chuki.

Mume wangu aligongwa na lori la mboga kwenye kona za kushuka kutoka hapa Mgeta, naye alikuwa kasimama pembeni na tenga lake la karoti. Alifia pale pale, amepakatwa na dereva. Ndugu zangu, kwa nini yule dereva hakukimbia kama wenzake? Na mume wangu alisema nini mwisho? Aliyejua alikuwa mtu mmoja tu, na mtu huyo nilikuwa namwombea afie jela. Ndiyo, nilikuwa naombea hayo, na rozari mkononi.

Kesi ikaja Morogoro mjini, dereva akakiri kosa. Hakimu akamuuliza kama ana lolote la kusema kabla ya adhabu. Nikatega masikio. Wakili wake akaeleza kwamba ni kosa la kwanza la kijana huyo, ana watoto, mama yake mgonjwa. Kisha akamwinamia dereva, akamnong'oneza, akamsukuma kwa kiwiko. Kijana akatikisa kichwa kukataa. Akasema tu, "Mheshimiwa, niliendesha kwa kasi. Marehemu hakuwa na kosa."

Akafungwa. Nilidhani nitafurahi. Wapi! Nilirudi nyumbani nikijiuliza, amekataa kusema nini yule?

Nilisali, nikabishana na Mungu, mwisho nikaenda gerezani. Akaniamkia, "Shikamoo mama," machozi yanamtoka. Sikuzunguka. Nikamuuliza kile wakili wake alichotaka aseme mahakamani.

"Mama, nilipompakata baba pale barabarani, aliniambia, 'Pole mwanangu, umeumia?' Wakili alisema hakimu akilisikia hilo atanipunguzia kifungo. Lakini niliona neno lile ni lenu nyumbani, si langu kujiokolea."

Jamani, nilicheka huku nalia, maana huyo ndiye mume wangu hasa. Ukimkanyaga, pole anakupa yeye. Mzigo ulinishuka pale pale kwenye benchi la wageni. Kama aliyeumizwa alishamhurumia, mimi namshikilia wa nini?

Ndugu yangu, kama kuna mtu unamchukia na swali linakukaba, mwamini Mungu, nenda ukamuulize. Mimi nilimwendea adui yangu, nikakuta ndiye aliyenitunzia neno la mwisho la mume wangu.