Makofi ya Komiseri na Ufunguo wa Chumba cha Piano

Citoyen Komiseri wa Zone, ndugu wajumbe wa kamati ya shule, walimu wenzangu, wazazi mliotembea kutoka Naviundu, nanyi wanafunzi wangu mliosimamishwa nyuma ili viti viwatoshe wakubwa.

Iondoeni hiyo mikrofoni. Nilifundishwa kule Liège, Ubelgiji, kuifikisha sauti mpaka kiti cha mwisho bila chombo, na miaka kumi na minne nimewafundisha watoto wa shule hii ya Hewa Bora jambo hilohilo. Anayetaka kunisikiliza atanisikia.

Katibu Mumba ameniaga kwa kurasa tatu za sifa. Amesoma kwamba mimi, Mwaba, binti wa fundi wa reli, niliacha kuimba opera na kuwa mwalimu "kwa sababu za afya". Afya gani, ndugu yangu? Koo langu halijaugua hata siku moja. Ngojeni niwaeleze nilivyoacha, maana mimi nilikuwepo.

Mwaka wa sabini na nne niliimba opera hapa mjini, nikiwa mke anayekufa kwa huzuni. Katikati ya kufa nikanyamaza kidogo kuvuta pumzi. Komiseri wa siku zile, kule mstari wa mbele, akadhani tumemaliza, akasimama, akapiga makofi. Desturi yetu mnaijua: mkubwa akipiga makofi, nani atabaki amekunja mikono? Ukumbi mzima ukasimama. Mpiga piano naye akafunga piano. Nikabaki sakafuni, nusu nimekufa, pazia likashuka.

Nyuma ya pazia akanipa mkono. "Mama Mwaba, sauti yako iko na nguvu. Sasa ukuye kutuimbishia bantu animasyon." Yaani niwapange watu kila asubuhi wacheze na kupaza sauti kukisifu chama. Niliona haya kwa niaba yake. Kesho yake nikaja hapa kuomba kazi ya ualimu.

Na leo? Asante ya punda ni mateke. Baada ya kurasa tatu za sifa, kamati imenitaka niurudishe ufunguo huu, chumba cha piano kiwe stoo ya ngoma na vitenge vya animasyon. Na Mutale, aliyekuwa mwanafunzi wangu kisha msaidizi wangu miaka sita, aende kupayuka uwanjani mpaka sauti ikwaruze. Mnajua sauti ile imenigharimu nini? Mmewahi hata kuisikia, nyinyi mnaopanga mambo yake? Inaniuma, na sitaki kuficha.

Mutale, mwanangu, pita mbele. Shika ufunguo. Chumba ni chako, na darasa ni lako.

Naam. Naona Citoyen Komiseri amesimama, anapiga makofi. Pengine amedhani nimemaliza. Nawe katibu Mumba umesimama pia, na makofi yako yanasikika kuliko ya wote. Basi andika kwenye kitabu chako cha mikutano: Komiseri ameridhia, mbele ya wazazi na walimu. Atakayemnyang'anya Mutale ufunguo huu atakuwa anampinga yeye, si mimi.

Miaka yote hii nimengoja mkubwa mmoja apige makofi mahali panapofaa. Nimeyapata, nashukuru.

Asanteni kwa masikio yenu. Kaeni sasa, Mutale ataimba. Na safari hii, tafadhali, mngojeni amalize.