Kikombe cha mwenye uwanja

Kijiwe chetu cha Mikelenge, hapa Kindu, ni benchi moja, jiko la makaa na birika la kahawa la Hawa. Siku hizi kinatazama uwanja mpya wa basiketi wa chuo, wenye paa jeupe linaloonekana hadi mto Lualaba. Aliyeujenga hajulikani, kibao cha getini kinasema tu, zawadi ya rafiki. Zéphirin, tunayemwita Ministre, yaani waziri, kwa ajili ya koti lake, na Onema, tunayemwita Kampene kwa kuwa alichimba dhahabu kwenye machimbo ya jina hilo akarudi na kikohozi, wamemtafuta rafiki huyo kwa midomo tangu msingi uchimbwe. Hawa humimina akisikiliza. Kila siku hubakiza kikombe kimoja na kukifunika kwa kisahani. Ni cha mwanawe Djamali, aliyepotea wakati wa vita, na hakuna anayekigusa.

MINISTRE: — Ule ni muntu ya serikali. Anaficha jina juu ya uchaguzi.

KAMPENE: — Muntu ya serikali anafichaka jina? Ule ni muchimbaji. Alipata dhahabu sawa kichwa ya mbuzi, akaogopa, akaigeuza uwanja.

MINISTRE: — Dhahabu inageukaka simenti?

KAMPENE: — Kule niliona inageuka bibi tatu. Simenti njo nini?

Nami sikutaka kupitwa.

MIYE: — Pengine ni muntu iko mbali, kwa baridi. Akilala anasikia Lualaba. Alijenga ili mupira ikidunda huku, naye asikie kule.

Hawa akaacha kumimina.

HAWA: — Djamali alikuwa murefu kupita watoto wenzake. Alitundikaka jante ya kinga, ile chuma ya muviringo ya baisikeli, pale kwa ukuta, anatupa machungwa ndani. Siku tulikimbia vita kwa mitumbwi, pirogi yake ilishuka mto mpaka Lokandu. Yetu ilirudishwa.

MINISTRE: — Basi njo yeye.

KAMPENE: — Njo yeye, mama. Nani mwingine atajenga mbele ya birika yako?

Hapo tukapaa kwa maneno. Tukampa Djamali ndege. Tukampa bibi wa Kizungu, kisha tukamwondoa tukampa wa hapa Kindu. Hawa akacheka kama msichana, na mimi, niliyeanzisha, nikaingiwa na hofu, kwa kuwa alikuwa ameamini.

Ndipo akaja Kitenge, fundi kutoka Kisangani anayefunga taa za uwanja. Kahawa ya birika ilikuwa imekwisha.

KITENGE: — Na ile imefunikwa?

HAWA: — Ni ya mutoto yangu. Njo yeye alijenga kule unatumika kazi.

KITENGE: — Unisamehe, mama, sikujua. Anakunywaka ya sukari ao ya chungu?

Aliuliza kwa adabu tu. Ministre akashika vifungo vya koti lake. Djamali alipotea angali mtoto wa kunywa uji, hajawahi kuonja kahawa.

HAWA: — Sijui.

Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewaza hilo, na niliona aibu. Hawa akatazama lile paa. Kisha akaondoa kisahani, akasogeza kikombe na kopo la sukari mbele ya Kitenge.

HAWA: — Tia weye, baba, vile unapenda. Nione.

Kitenge akatia vijiko viwili, na sote tukamtazama akinywa.